Ile Isiyopepesa

Majira yale ya baridi umeme ulipokatika Yerevan,
ukawa unarudi saa moja kwa siku,
kama mgeni asiyevua koti,
Zaven alianza kung'oa mbao za sakafu.
Alianzia sebuleni. Alizipasua, akazilisha jiko
moja moja, kwa aibu,
na binti zake wawili akawaachia dirisha.

Taa za mji mzima zilikuwa zimekufa.
Ndipo walipoona taa zilikuwa zikificha nini.

"Ile inayopepesa ni nyota," alisema Arpenik,
mwenye miaka kumi na miwili na jibu kwa kila swali.
"Ile inayokukazia jicho tu, kavu, bila kukupa ukope,
hiyo ni sayari."
"Kwa nini?"
"Nyota iko mbali mno. Mwanga wake unafika uzi mmoja;
hewa ikikohoa, uzi unacheza.
Sayari iko karibu, nyuzi zake nyingi zimesukwa.
Huu ukiyumba, ule umenyooka."

Siranush, miaka saba, alifuta ukungu wa pumzi yake kiooni.
"Na ipi inaungua?"
"Nyota. Sayari haina lake.
Inang'aa kwa nguo za kuazima."
Kisha, kwa kuwa dada wakubwa hawawezi kujizuia:
"Mimi nyota. Wewe sayari."

Zaven, aliyekuwa akisaga lenzi kabla kiwanda hakijafungwa,
hakugeuza kichwa:
"Jua na sayari zake zimezaliwa na wingu moja la vumbi.
Sogeeni hapa, mtaganda."

Lakini ikawa hivyo. Koti la Arpenik likawa la Siranush,
daftari za Arpenik, kurasa za nyuma,
walimu wa Arpenik: "Aa, kumbe wewe ndiye mdogo wake."
Neno hilo, mdogo wake, lina njia ya duara ndani yake.
Unaizunguka mpaka unasahau
kwamba una uso na upande wa pili.

(Lugha ninayoandikia husema
nyota njema huonekana alfajiri.
Wahenga waniwie radhi: ile ya alfajiri, Zuhura,
haina hata kijinga cha moto.
Ni sayari, jirani tu wa mwenye taa.)

Arpenik alikwenda Marseille, akafungua duka la mapazia.
Siranush alipanda mlima Aragats,
ambako kuba la chuma hufunguka kwa kelele za mlango wa gereji
na chai hupoa kabla sukari haijayeyuka.
Anatafuta sayari za majua mengine, na hajawahi kuiona hata moja.
Mng'ao wa nyota huzimeza,
kimulimuli mbele ya taa ya garimoshi.
Kwa hiyo huitazama nyota yenyewe, usiku baada ya usiku,
mpaka imsaliti:
rangi zake zinasogea, unywele tu, kuelekea buluu,
kisha, siku kadhaa baadaye, kuelekea wekundu.
Inakuja. Inarudi nyuma. Inakuja.
Moto ule wote, unaoweza kumeza dunia laki kadhaa,
unavutwa mkono na kitu kisicho na mwanga.

Mara ya kwanza alipouona mchoro wake
alicheka peke yake kubani.
Wenzake walidhani amefurahia kazi.

Saa tisa usiku simu inalia.
"Umelala?"
Ni Arpenik, arobaini na ushei, usingizi umemkimbia tena.
Anataka kujua mama alitia nini kwenye supu ya mtindi,
mnanaa au giligilani.
"Giligilani," anasema Siranush,
kama alivyosema mara ya mwisho, na mara ile nyingine.
"Huko nyota zinaonekana?"
"Mawingu tu."
Kimya. Hakuna anayekata simu.

Baadaye, chini ya vipimo vya usiku huo,
kwa penseli, bila kueleza ni vya nini,
Siranush anaandika:
Saa tisa na dakika kumi.
Siku ishirini na tisa tangu ile iliyopita.